Nguzo za Roshani ya Kibamba

Jumatatu, 7 Aprili

Rangi tangu saa mbili asubuhi. Mlango mkubwa wa mbele, mkono wa tatu. Unatakiwa uonekane una miaka mia. Bado unaonekana wa wiki iliyopita. Nimeusugua kwa brashi ya waya, nikapaka kahawa iliyolala, nikasugua tena. Bega linauma.

Nyumba yenyewe ni uso tu. Mbele, ghorofa ya tajiri wa Kiarabu wa zamani, madirisha sita, roshani ya mbao inayotazama uani. Nyuma, mirunda, misumari na majani ya Kibamba. Ndiyo kazi yangu. Kwenye karatasi naitwa msanifu wa mandhari. Kwenye seti naitwa Da Rukia wa mapambo. Miaka tisa ya kupanga makochi ya kuazima kwenye sebule za watu. Hii ndiyo nyumba ya kwanza ambayo nimeichora mwenyewe na kuiona ikisimama.

Beka alipita mchana. Filamu ni yake, anaitolea hela na anaiongoza mwenyewe. Kasema safari hii jina langu litakaa kwenye bango. Nikajifanya sijasikia vizuri ili aseme tena.

Mvua tangu alasiri. Kubwa.

Jumatano, 9 Aprili

Kinondoni, kwa Mzee Yun. Kila Jumatano, huu mwaka wa nne.

Mkorea. Alikuja Dar miaka ya tisini kumfuata binti yake, daktari wa meno, hakurudi tena. Watoto wa mtaa wanamwita Mchina, ameshachoka kuwasahihisha. Tulijuana siku nilipokuwa napaka ukuta wa ukumbi wa harusi karibu na kwao. Alisimama nyuma yangu dakika kumi, kisha akasema kivuli cha nguzo nimekiweka upande ambao jua halipo. Ilikuwa kweli. Ujanani alikuwa akisanifu mandhari za sinema kule Seoul, zile za nyeusi na nyeupe, vita vya kwao vikiwa vimeisha juzi tu. Anaongea, mie naandika. Nimejaza madaftari matatu.

Leo kanieleza nguzo nane. Mbao zilikuwa adimu, studio nzima ilikuwa na nguzo nane nzuri basi. Mwezi huu ni nyumba ya hakimu, mwezi ujao kilabu cha pombe, mwezi wa tatu hekalu. Alikuwa akizipaka upya, anageuza upande wenye ufa, lakini kila moja aliijua kwa macho ya mti wake. Theluji ilikuwa chumvi na pumba za mpunga. Miguu ya waigizaji ilipasuka. Kule dirisha ni karatasi badala ya kioo, nayo aliichagua kwa kuinyanyua juani kwanza, kwa sababu alijenga kwa ajili ya mwanga, watu wanafuata baadaye.

Nikamwonyesha mchoro wangu. Akaruka madirisha yote, akaweka kidole kwenye roshani.

"Watapanda wangapi?"

Wawili, nikamwambia. Bibi harusi na mama yake.

Akanirudishia karatasi. Hakusema ni nzuri. Hajawahi kusema.

Ijumaa, 11 Aprili

Beka kabadilisha. Sasa anataka wanawake ishirini juu ya roshani. Kikundi cha ngoma kutoka Temeke, magauni ya kijani, vigelegele, bibi harusi katikati. Anataka ijae.

Nikamwambia nimeichora kwa ajili ya watu wawili.

"Wewe chora, mie naongoza."

Nikasema sawa.

Sawa! Mbele ya watu wote. Fundi Sele alikuwa ananyoosha ubao pembeni. Seremala wangu tangu nianze kazi hii, kila nilichochora kakijenga yeye. Alininyanyulia macho, akangoja kidogo. Kisha akarudi kwenye randa yake.

Najidharau leo.

Jumapili, 13 Aprili

Hakuna kazi. Nimeenda hata hivyo.

Maji ya mvua yamechimba mfereji nyuma ya seti. Unapita mguuni kwa nguzo ya kushoto, ile inayobeba roshani. Udongo laini kama uji. Nikafunga timazi juu ya nguzo, nikaiachia kamba ining'inie mpaka itulie. Nguzo imelala mbele. Vidole viwili.

Labda mti unakauka na kujipinda. Nimejiambia hivyo njia nzima. Mti haukauki kwenye mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Vidole vitatu.

Nikamuuliza Sele nguzo zimeingia chini kiasi gani. Akakuna shingo. Futi moja na nusu. Mie nilichora futi tatu na zege. Beka alimwambia seti itabomolewa baada ya mwezi, saruji ya nini. "Nilijua mmeshaongea," Sele kasema. Hatukuongea. Na mie sikukagua. Nilikuwa na mlango wangu na kahawa yangu.

Nikampigia Beka. Nikaomba siku mbili tu, tuchimbe upya, tuongeze nguzo. Akacheka. Hana siku mbili, mwigizaji mkuu anasafiri Ijumaa. "Sista, usinitie nuksi kwenye kazi yangu." Kisha akaacha kucheka. Kasema kuna binti kamaliza chuo juzi, yuko hosteli za Mabibo bado, anachora vizuri na haongei sana.

Nikakata simu.

Mama kaniuliza kwa nini sili. Nikamwambia nafunga sita za Shawwal. Uongo. Kafurahi, kaniombea dua. Nimelala na dua isiyo yangu.

Jumatano, 16 Aprili

Leo sikwenda Kinondoni, Mzee Yun kaja Kibamba. Mara ya kwanza. Binti yake kamleta kwa gari. Alivaa tai.

Hakutazama mlango. Hakutazama dirisha hata moja. Akazunguka moja kwa moja nyuma, kwenye majani marefu, na viatu vyake vya ngozi. Akaanza kugonga nguzo moja baada ya nyingine kwa vifundo vya vidole, sikio limekaribia, kama daktari na kifua cha mtu. Ya kushoto alikaa nayo. Akaweka kiganja. Mvua ikaanza, binti yake akamwita, hakutoka.

"Watapanda wangapi?" Kaniuliza tena swali lile lile.

Ishirini.

Sijui niuelezeje uso wake. Kama mtu kaitwa jina lake na mtu asiyemwona. Akaenda kwenye gari bila kuniaga. Gari likawaka, likasogea, likasimama. Kioo kikashuka.

"Usiwaache wapande."

"Nimeshamwambia Beka, Mzee."

"Sikukuuliza umemwambia nani."

Kioo kikapanda.

Vidole vinne. Kesho tunashuti roshani.

Nimekubaliana na Sele. Kesho watu wakila, kabla ya kushuti roshani, anaingia chini na mihimili minne, anaikaza kwa kabari. Nusu saa. Beka akiwa kwenye hema lake hatajua. Hakuna ugomvi, hakuna anayefukuzwa, roshani inashika. Sele kasema, "Wewe ukisema iko poa, iko poa."

Nilijiona mjanja sana jioni hii. Sasa moyo haukai.

Alhamisi, 17 Aprili

Imeanguka. Sele alikuwa chini yake.

Siwezi.

Ijumaa, 18 Aprili

Nijaribu.

Asubuhi ilikuwa nzuri, jua, hakuna wingu. Wanawake wa Temeke walifika mapema na magauni yao. Kiongozi wao, Bi Mwanahawa, mtu mzima, mnene, sauti ya kuamrisha. Nikamwamkia. Akaniuliza kama ghorofa hilo linapandika, akacheka mwenyewe. Nikacheka naye. Ilikuwa nafasi yangu ya kumwambia, niliipoteza kwa kicheko.

Saa saba watu wakaenda kula. Sele akaingia chini. Mhimili wa kwanza ukakaa. Wa pili ukakaa. Wa tatu ulikuwa karibu na nguzo ya kushoto. Akasema, "Nipe nyundo kubwa." Nikampa. Akaomba na kabari nyingine. Nikageuka kuifuata kwenye sanduku. Hatua kumi.

Nilimsikia akipiga mara mbili. Kisha mlio mdogo tu, kama mtu anasafisha koo. Kisha misumari, mmoja mmoja, inachomoka. Nikageuka. Nyumba yangu iliinama taratibu kama inamtafuta mtu chini, halafu ikaenda yote kwa pamoja.

Juu hapakuwa na mtu.

Walioikimbilia kwanza ni wale wanawake. Ishirini, na magauni ya kijani. Bi Mwanahawa akahesabu, moja, mbili, tatu, nyanyua. Wakanyanyua boriti ambayo ingewabeba wao. Mie nikamvuta Sele kwa makwapa. Alikuwa anazungumza. Aliniuliza kama kuna mwingine aliyeumia.

Wamemkata mguu wa kulia jana hiyo hiyo, juu ya goti.

Mkewe, Asha, kakaa nami benchi moja hospitali tangu asubuhi. Hakuniuliza kitu. Nilitaka aniulize.

Jumanne, 22 Aprili

Beka kaniita ofisini kwake Kinondoni. Mpole. Kanivutia kiti mwenyewe, kanipa maji.

Kuna karatasi imechapwa. Maafisa wa usalama kazini wanakuja keshokutwa Kibamba. Karatasi inasema fundi alijenga kinyume na mchoro. Inasema aliingia chini ya jengo bila ruhusa ya uongozi. Chini kuna mstari mtupu, wa saini yangu.

Nimeisoma mara tatu. Hakuna neno la uongo. Mchoro ulisema futi tatu, Sele akachimba moja na nusu. Ruhusa hakuwa nayo. Kila sentensi ni kweli, na yote kwa pamoja ni uongo mkubwa kuliko wowote niliowahi kuuona umeandikwa.

Beka kasema mguu umeshaenda, haturudishi. Lakini kazi za watu bado zinaweza kuokolewa. Tutajenga upya, kwa zege, anavyotaka Rukia. Bango liko palepale.

Nikiisaini, Sele ni fundi mzembe na hana cha kudai kwa yeyote.

Sikusaini. Sikukataa pia. Nikasema naenda kuisoma vizuri. Iko kwenye mkoba. Nausikia uzito wake, na ni karatasi moja.

Jumatano, 23 Aprili

Kinondoni. Nimeweka karatasi mezani kwa Mzee Yun. Kaisoma polepole, kidole kinafuata mistari. Akaenda kufunga mlango wa sebule, akarudi, akaongea akitazama ukuta. Niandike kama alivyosema, kabla sijapoteza.

Mwaka wake bora kabisa. Alisanifu ngazi ya kasri, pana, askari thelathini washuke na silaha. Aliomba mbao ngumu, akaletewa za makasha ya matunda. Alijua. Muongozaji alikuwa na haraka, na yeye alikuwa kijana ambaye ndiyo kwanza watu wameanza kumtaja. Akazipaka rangi ya jiwe. Alizipaka vizuri sana, hata yeye akaanza kuona jiwe. Ngazi ikaporomoka, askari wakapona, michubuko tu. Chini yake alikuwepo seremala, Dong-su, miaka ishirini na sita, akirekebisha kitu. Huyo hakupona.

Kampuni ikaleta karatasi. Seremala alikosea vipimo.

"Nikasaini," kasema. "Kalamu walikuja nayo wao."

Filamu ikatoka. Ngazi ikajengwa tena, na watu wakaisifu. Alipata kazi zaidi kuliko zamani. Mama yake Dong-su alikuwa anakuja kwenye lango la studio kila Jumatatu, anakaa tu, hasemi. Mzee Yun akawa anaingilia mlango wa nyuma. Miaka minane. Siku moja yule mama hakuja, wala wiki iliyofuata, na ndipo Mzee Yun alipoacha kazi. Asingeweza kuingilia mlango wa mbele, alisema, hata kama hapakuwa na mtu.

Miaka minne anaongea nami. Madaftari matatu, chumvi, pumba, nguzo nane. Neno moja la hili hakuna.

Nikamuuliza nifanye nini. Akakasirika. Sijawahi kumwona hivyo, Kiswahili kikamkimbia kidogo.

"Wewe umekuja hapa na karatasi haina saini yako. Mie nafasi hiyo sikuwahi kuwa nayo. Unaniuliza nini?"

Alipotulia akasema na hili niliandike. Nimeandika.

Alhamisi, 24 Aprili

Kibamba. Mabaki yako palepale. Mlango wangu umelala chali, umelowa, sasa ndiyo unaonekana wa miaka mia.

Maafisa wawili. Mmoja mwanamke, buti za mvua, hatabasamu. Nikampa mchoro wenye futi tatu na zege. Nikampa simu asikilize sauti ya Beka kuhusu nuksi na siku mbili; maneno yale aliyarudia kwa ujumbe wa sauti siku ile ile niliyompigia. Nikampa shajara hii, kurasa za vidole viwili, vitatu, vinne. Alipiga picha zile tu.

Kisha nikasema na yangu. Kwamba nilisema sawa. Kwamba sikukagua mashimo. Kwamba mie ndiye niliyemtuma Sele aingie chini, kwa siri, kwa sababu niliogopa kugombana. Beka alikuwa amesimama hapo hapo.

"Rudia hilo la mwisho," yule afisa mwanamke kasema. Alitaka aliandike sawasawa.

Nikarudia. Mara ya pili ni ngumu zaidi.

Karatasi ya Beka nikampa pia, mstari ukiwa mtupu.

Beka hakupiga kelele. Alinisubiri niokote mkoba wangu. "Hutafanya kazi tena mji huu, Rukia." Hakuniita sista. Inawezekana anasema kweli.

Jumapili, 11 Mei

Simu kimya. Kazi mbili zimenipita, zote kwa maneno mazuri. Filamu imesimamishwa. Beka anaitwa kituoni kila wiki, nami nimeitwa mara mbili. Sijui itaishia wapi. Nikisikia pikipiki inasimama nje, nashtuka.

Mama nimemweleza yote, pamoja na ile funga. Kaniwekea chakula, kasema kula. Nimekula.

Mchana Mbagala, kwa Sele. Karudi nyumbani. Kakonda, kanyolewa, amekaa kwenye mkeka na mto chini ya paja. Mguu ambao haupo unamuwasha, anasema, kwenye kidole gumba. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikasema, "Sele, mie ndiye niliyekutuma chini."

"Najua. Nilikuwepo."

Basi. Asha alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Aliacha kupepeta, kisha akaendelea. Nilikaa mpaka alasiri. Hakuna aliyeniambia niondoke, wala hakuna aliyeniambia nimesamehewa. Nimerudi nyumbani na hilo.

Jumamosi, 24 Mei

Kiti cha magurudumu cha Sele kimefika wiki iliyopita. Hakipiti mlangoni. Mlango una sentimita sabini na moja, kiti kinataka themanini. Asha amekuwa akimbeba mgongoni, kiti kinalala nje chini ya turubai.

Nimefika saa moja asubuhi na msumeno, patasi, mfuko wa saruji. Sele akakaa uani kwenye kiti, akaniongoza. Hapo tofali bovu, sogea juu. Pima tena. Umepima? Pima tena. Nimepima mara nne na sikukasirika. Nikang'oa fremu, nikakata ukuta upande wa bawaba, nikapandisha juu ya mlango kizingiti kipya cha zege nilichokimwaga Jumapili iliyopita. Nikasawazisha kijingazi cha mbele kiwe mteremko. Nikakaza fremu. Sele akataka aigonge mwenyewe kwa ngumi, nikamsogeza karibu. Akagonga juu, katikati, chini.

Saa saba na nusu tukajaribu. Alikataa nimsukume.

Akaingia. Akaenda mpaka dirishani, akageuka, akatoka. Akaingia tena.

Asha akasema chakula kinapoa.